Turbo ya Kombaini Ndani ya Gari la Sista Rael

Mlinipa kiti cha kulalia na blanketi la mistari. Asanteni, vijana wa garage. Blanketi amelichukua mama watoto, na kiti kiko barazani, anakilalia paka. Mimi nimestaafu, sijaugua.

Lakini sikuchukua kalamu kwa sababu ya kiti. Kuna mmoja wenu, simtaji jina kwa sababu anajijua, aliniuliza kwenye ile sherehe ya kuniaga kama enzi zetu kulikuwa na turbo kweli ama tulikuwa tunatengeneza mikokoteni. Nilitaka kumjibu pale pale, ila mdomo ulikuwa umejaa nyama. Sasa uko wazi. Kaeni chini.

Habari za vyeo na mishahara sitaandika. Garage ina vyeo viwili tu: anayejua, na anayeshika tochi. Mimi nilianza hata tochi sijapewa.

Nilizaliwa Bondeni, hapo Nakuru, baba akiwa mtu wa reli. Uhuru ulikuwa bado mpya, bendera haijapauka, nilipoingia kazini kwa Sardar Mohan. Huyu alikuwa Kalasinga mrefu, mwenye ndevu za kijivu na kilemba cha buluu ambacho sikuwahi kukiona na doa la grisi, na sijui alifanyaje, maana mimi nilikuwa na grisi mpaka kwenye kope. Garage yake ilikuwa karibu na njia ya reli. Treni ikipita, spana zote ukutani zilikuwa zinacheza.

Wiki za kwanza hakuniruhusu kugusa gari. Alinipa karai la mafuta ya taa na nati chafu, nioshe, nipanguse, kisha kila nati irudi kwenye tundu lake lile lile ilimotoka. Si tundu la jirani. Nilidhani mzee amerukwa na akili. Nilikuja kuelewa baadaye, kwamba nati na mahali pake huzoeana, na ukizibadilisha zinaanza kununa. Nyinyi siku hizi mnamwaga nati zote kwenye sufuria moja, halafu mnashangaa gari likirudi linanguruma.

Ukutani alikuwa amechora kila chombo kwa rangi nyeupe: umbo la spana, umbo la nyundo, umbo la koleo. Jioni, kama umbo moja lilibaki wazi, hakuna aliyekwenda nyumbani. Mara moja ilipotea spana ya kumi na tatu, tukaifuata mpaka shambani Subukia, ndani ya tumbo la trekta tuliyoifunga asubuhi yake. Aliyeisahau alikuwa Sardar mwenyewe. Aliipangusa, akaitia mfukoni, na njia nzima ya kurudi hakuna aliyethubutu kukohoa.

Ndiye pia aliyenifundisha kusikiliza. Unachukua bisibisi ndefu, ncha unaiweka kwenye injini, mpini unaubana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Utasikia kila kitu humo ndani kama watu wanaoongea chumba cha pili. Mwenye gari atakuambia uongo, alikuwa akisema, lakini injini haijafundishwa. Bisibisi yangu ninayo mpaka leo na hakuna atakayeirithi nikiwa hai, kwa hivyo acheni kuiulizia.

Sasa tuingie kwenye kesi yenyewe.

Mnajua wazungu wa mashamba walipokuwa wakiondoka waliuza kila kitu, ng'ombe, vitanda, hata piano. Mmoja wa upande wa Njoro alikuwa na kigari kidogo cha Kiingereza, milango miwili, rangi ya maziwa. Jumapili alikuwa akishindana nacho kupanda milima na wenzake. Na kwa vile huku kwetu hewa ni nyembamba, na kadiri unavyopanda ndivyo injini inavyokosa pumzi, alikuwa amekifungia supachaja. Hiyo ni pampu ya hewa. Inazungushwa na mkanda kutoka kwenye injini yenyewe, inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda, injini inashiba. Ubaya wake ni kwamba inakula kwa injini ile ile inayoilisha.

Gari hilo lilinunuliwa na Sista Rael. Hakuwa mtawa, msinielewe vibaya, wauguzi wakubwa wote tuliwaita Sista. Alikuwa mama wa Kikalenjin, mnene, mwenye sauti ndogo sana, na sauti hiyo ndogo ilikuwa ikiendesha dispensari nzima kule juu ya Mau. Hakujua kitu juu ya supachaja. Alijua tu kwamba kigari chake kinapanda mlima kuliko lori la misheni, na dereva wake, Mzee Kimani, alijua hivyo hivyo. Tulikihudumia miaka kadhaa. Kila kikija, mimi ndiye niliyekaza mkanda.

Katikati ya miaka ya sabini, surua ikawaka kule juu. Nyinyi surua mnaisikia kliniki. Sisi tulikuwa tunaisikia makaburini. Chanjo ilikuwepo, inakuja Nakuru kwa treni, ndani ya sanduku lenye barafu. Lakini dawa ile ikipata joto inakufa, na ukimdunga mtoto ni kama umemdunga maji. Kwa hivyo kazi ya Sista Rael ilikuwa moja: achukue sanduku stesheni asubuhi, apande Mau, afike barafu ikiwa bado barafu.

Sanduku la kwanza halikufika. Juu kidogo ya Njoro supachaja ilikamata. Ndani yake kuna mapanga mawili yanayozunguka karibu karibu bila kugusana, na vumbi letu hili jeupe la Nakuru lilikuwa limeyala miaka yote hiyo. Siku hiyo yakagusana. Mkanda ukaungua, gari likasimama juani, na trekta ilipokuja kuwavuta, Sista alikuwa amekalia sanduku la maji. Wakubwa wa dawa walimwambia wazi: sanduku lingine likiharibika, watoto wa kule juu wangoje mpaka serikali ipate gari. Na serikali, kama mjuavyo, haikuwa na haraka.

Alikuja garage akasimama mlangoni, mkoba umebanwa kwapani. Sardar akaanza kumweleza mambo ya mapanga na mkanda, na kwamba spea yake hata Nairobi haipo. Sista alimwacha amalize. Kisha akasema, kwa sauti yake hiyo ndogo:

"Sardar, hayo ya ndani sitayaelewa. Nataka kupanda na barafu, nifike na barafu. Mwaka jana nilienda na wamama wa kule kuzika watoto wao. Mwaka huu sitaki."

Hakulia. Sisi ndio tulioangalia chini.

Mtasema, si wangetoa tu supachaja gari liende bila hiyo. Tulijaribu, hamkutushinda akili. Lakini yule mzungu alikuwa ameweka pistoni fupi, ili hewa ile ya kusukumwa isije ikapasua injini. Bila kusukumiwa hewa, injini yenye pistoni fupi ni bure kabisa. Kilimani tu pale mtaani, na watu wawili ndani, gari lilikuwa linapitwa na baiskeli.

Basi mimi ndiye niliyekumbuka kombaini. Nasema mimi, na kama Sardar angekuwa hai angekubali, baada ya kubisha kidogo. Mwezi mmoja nyuma nilikuwa nimetumwa shamba la ngano kufungua kombaini ya kuvuna iliyoungua moto. Mwili wote ulikuwa majivu, lakini pembeni mwa injini yake ya dizeli kulikuwa na kitu kama konokono wawili wa chuma waliogeuziana migongo. Turbochaja. Konokono mmoja anapokea moshi unaotoka kwenye injini, moshi unazungusha panga, panga lile kwa shafti moja linazungusha panga la konokono wa pili, na huyo ndiye anayesukuma hewa. Hakuna mkanda. Haili kwa injini, inakula moshi ambao ungetupwa. Nilikuwa nimeichukua kwa sababu ilikuwa nzuri kuitazama.

Niliiweka juu ya benchi mbele ya Sardar. Akaizungusha kwa kidole, ikazunguka muda mrefu kimya kimya.

"Hii ya dizeli," akasema. "Ya shamba. Kubwa kwa kigari kile."

"Moshi ni moshi, Mzee," nikamwambia.

Alivuta ndevu zake. Aliangalia mlangoni aliposimama Sista jana yake. Kisha akavua saa yake akaitundika kwenye msumari, na hapo nikajua tumeanza.

Kazi ile, vijana, ilikuwa tamu. Bomba la kutolea moshi tulilitengeneza upya kwa vipande vya bomba nene la mvuke, Sardar akichomelea, mimi nikishikilia na kuungua. Oili ya kulainisha turbo tuliitoa kwenye injini yenyewe kwa bomba jembamba la shaba, na ya kurudi tukaipa bomba nene lenye mteremko, maana oili hairudi kwa kubembelezwa. Mara ya kwanza tuliweka turbo isukume hewa kupitia kabureta. Petroli ikatoka kwenye viungo vyote vya kabureta kama jasho, na Sardar akatufukuza sote nje, na yeye akiwa wa kwanza. Tukageuza, kabureta ikakaa mbele, turbo ikavuta kupitia kwake. Moshi wa buluu ulitoka kidogo. Tukauzoea.

Tulilijaribu gari barabara ya Gilgil, kupanda Mbaruk. Unakanyaga mafuta, halafu hakuna kitu. Nilikuwa naanza kufa moyo. Turbo ilikuwa kubwa kweli kwa injini ile, ilihitaji kungojwa kwanza, kama mtu anayeitwa akajibu naja. Kisha ikaja. Haki ya Mungu, ilikuja na filimbi! Tuligandishwa kwenye viti. Tulilipita gari la mkubwa mmoja, refu, jeusi, na sitasema mkubwa gani, lakini nilimpungia mkono. Sardar Mohan, mzee wa heshima, ambaye sikuwahi kumwona akicheka kazini, alicheka mpaka kilemba kikaenda upande.

Tukampa Mzee Kimani gari, siku chache kabla ya sanduku la pili kuja, alizoee.

Mzee Kimani alikuwa dereva wa zamani, ameendesha malori ya pareto na ya mbao tangu enzi za mkoloni, mzee wa kanisa, mtu mtaratibu kabisa. Alilirudisha likitoa moshi kama jiko la kuni mbichi, na ile filimbi imekuwa kilio cha nguruwe. Nilifungua. Bushi zinazobeba shafti zilikuwa zimeungua, nyeusi. Sanduku lilikuwa linakuja wiki hiyo hiyo na turbo nyingine haikuwepo kokote.

Sardar alimuuliza taratibu amelifanyia nini. Mzee Kimani akasema hajalifanyia kitu. Amepanda nalo mpaka juu, vizuri sana, amerudi, na tena amewahifadhia petroli. Alisema hilo la petroli kwa fahari.

"Umehifadhi vipi?" nikauliza.

"Si ninazima? Nikifika tu kichwa cha mlima nazima, naweka fri, bila gia, nateremka mpaka chini. Hata tone haliendi."

Sardar akaketi juu ya tairi.

Mnaijua hiyo tabia, ninyi wenyewe mnayo. Kila dereva wa bonde hili alifundishwa hivyo: mlima ukiisha, zima, acha gari literemke lenyewe. Kwa injini ya kawaida hakuna neno, ukiombea breki. Lakini turbo ikishapanda Mau imekuwa nyekundu kwa moto na inazunguka kuliko kitu chochote ulichowahi kuona. Ukizima injini, oili inasimama. Turbo haisimami. Inaendelea kuzunguka kavu, juu ya moto wake wenyewe. Mzee Kimani alikuwa ameiua kwa uangalifu na nidhamu, mteremko baada ya mteremko.

Sikuweza hata kumkasirikia, na mimi kukasirika sihitaji kuombwa. Tulimweleza. Uso ulimsawijika. Akauliza kama ni yeye basi atakayewanyima watoto dawa. Sardar akamjibu kwamba hajamnyima mtu kitu bado, ampishe mlangoni apate mwanga.

Kisha Sardar akaingia kwenye mashine ya kukereza. Alichukua bronzi ya pampu kuukuu ya maji, akakereza bushi mpya, akipima, akipunguza unywele, akipima tena. Mimi nilikaa na shafti nikiisugua kwa msasa laini na oili mpaka nikajiona uso ndani yake. Mara mbili bushi zilikataa, akazitupa bila neno akaanza upya. Sijawahi kuona mikono kama ile, na nimefanya kazi na watu wengi. Zilipoingia, akaizungusha turbo kwa kidole, kama siku ile ya kwanza. Ikazunguka kimya. Alinipa mkono. Kalasinga yule hakuwa mtu wa kupeana mikono na mtu wa garage yake.

Ilibaki Mzee Kimani. Tulimwambia asizime mteremkoni kabisa, na akisimama aiache injini ipumue kama dakika moja kabla ya kuzima. Alikubali, lakini niliona macho yake. Hakuwa na saa, na dakika moja kwake ilikuwa kitu cha kukisia. Mkono uliozima ufunguo miaka yote hiyo ungezima tu. Nikamwuliza kama Baba Yetu anaijua.

"Unaniuliza mimi?"

"Basi ukisimama, kabla hujagusa ufunguo, iseme yote. Pole pole, kama kanisani. Ukifika Amina, zima."

Alinitazama. "Kwa hivyo unataka niliombee gari."

"Niombee mimi, Mzee. Gari litasikia."

Sardar aliinamisha kichwa kwa heshima, akasema hata kwao kuna sala ndefu zingefaa. Kwa taarifa yenu, malori ya turbo yalipojaa Nakuru, madereva wetu wengi walizima hivyo, kila mtu kwa dini yake, na wasio na dini walihesabu ng'ombe wa baba zao.

Asubuhi ya sanduku nilikuwa stesheni kabla ya treni. Sista Rael alikaa mbele, mimi nyuma, sanduku juu ya mapaja yangu, limefungwa kwa magunia na unga wa mbao. Baridi yake ilinipenya suruali, na niliifurahia, kwa sababu maadamu ninaisikia, dawa iko hai. Mzee Kimani alishika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayeenda kufanya mtihani.

Njoro tuliipita. Mahali supachaja ilipofia tulipapita pia. Mlima ukasimama, barabara ya murram ikawa nyekundu na laini, Mzee Kimani akashusha gia akakanyaga. Kimya. Kisha filimbi. Kigari kikainuka na mlima, mashamba ya pareto yakaanza kukimbia nyuma, lori la mbao lililokuwa mbele likawa pembeni kisha likawa vumbi. Sista alishika mkanda wa mlango. Niliona shingo yake kwa nyuma, na nadhani alikuwa anacheka.

Halafu tukafika pale ambapo nilikuwa nikipaogopa tangu jana yake. Katikati ya safari, baada ya mlima mkali kuliko yote, barabara inateremka ghafla mpaka kwenye kijito, kisha inapanda tena. Turbo wakati huo ni moto mtupu. Na nikauona mkono wa Mzee Kimani ukiacha usukani, wenyewe, bila yeye kujua, ukienda kwenye ufunguo. Vidole viligusa ufunguo. Vikakaa hapo.

"Baba yetu uliye mbinguni," akasema Mzee Kimani, kwa sauti, akarudisha mkono kwenye usukani.

Sista Rael akaitikia. Nami nikaingia. Tuliteremka mpaka kijitoni tukiomba watu watatu, injini ikiunguruma, petroli ikipotea, na haijawahi kupotea kwa kazi nzuri zaidi. Tulipoanza kupanda ng'ambo, filimbi ikajibu palepale.

Dispensarini foleni ilikuwa imezunguka uzio, akina mama wenye blanketi, watoto migongoni, wengine wakikohoa. Mzee Kimani alisimamisha gari akainamisha kichwa, akaanza upya toka mwanzo, gari likiunguruma, na akina mama walipomwona anaomba nao wakainamisha vichwa. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Sauti ya Amina ilipotoka uzio mzima, akazima.

Nilimkabidhi Sista sanduku. Alitoa magunia, akafungua kifuniko, akatia mkono ndani mpaka kwenye kiwiko, na akakaa hivyo, amefumba macho. Alipoutoa mkono, ulikuwa na bonge la barafu, jeupe, kubwa kama ngumi, lenye pembe zake zote.

"Fundi," akasema, "hii imezidi. Shika."

Nyuma yake, dawa ilipotolewa tu, mtoto wa kwanza alidungwa, akapiga yowe ambalo lilisikika mpaka msituni, na mama yake akacheka kwa sauti. Niliing'ata barafu ile nikaitafuna palepale, meno yakiniuma, machozi yakinitoka, huku foleni ikianza kusogea.